Kitufe cha kufunga mwezi kimewaruka watu tisa: kuendesha kwiri za kusasisha kwa msimbo ndani ya Access

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mhasibu wa chama cha akiba na mikopo. Nimetengeneza programu yetu kwa Microsoft Access, ile programu ya kuundia hifadhidata, na ndani yake kuna kitufe cha kufunga mwezi kinachoongeza riba kwenye mikopo 412 inayoendelea. Access ilikuwa inauliza maswali kila ninapokibonyeza, kwa hiyo nikaweka DoCmd.SetWarnings False kabla ya DoCmd.RunSQL, mstari unaoendesha kwiri ya kusasisha. Mwezi uliopita wakopaji 9 hawakuongezewa riba na hapakutokea ujumbe wowote. Nimegundua wiki mbili baadaye. Mwenzangu ameniambia nitumie CurrentDb.Execute, nimejaribu, napata kosa namba 3061. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, dada. Nashukuru umeleta na namba ya kosa, maana watu wengi huandika tu kwamba "imegoma".

Nianze na ule mstari wa SetWarnings, kwa sababu ndio uliokuficha habari. Kwiri ya kusasisha, yaani agizo la kubadilisha rekodi nyingi za jedwali kwa mpigo, inapoendeshwa kwa RunSQL, Access inaweza kukutolea ujumbe wa aina mbili. Wa kwanza ni swali: unakaribia kubadilisha rekodi kadhaa, uendelee? Huo ndio uliokuchosha. Wa pili hutokea pale tu mambo yanapokwenda kombo, nao ni taarifa: rekodi kadhaa zimeshindikana, hizi kwa sababu zimefungwa na mtumiaji mwingine, hizi kwa sababu zimevunja kanuni ya uhakiki ya jedwali (sharti la thamani zinazokubalika), hizi kwa sababu ya ufunguo kujirudia, hizi kwa sababu thamani haikugeuka kuwa aina inayotakiwa. Kisha inakuuliza kama uendelee hata hivyo. SetWarnings False haibagui kati ya ujumbe huo wa kwanza na wa pili. Inaunyamazisha wote na kukujibia "ndiyo" kwa niaba yako. Kwa hiyo inawezekana kabisa Access ilijua siku ileile kwamba kuna rekodi zimerukwa, ikakosa ruhusa ya kukwambia.

Kuna hatari nyingine kwenye mstari huo. Kama msimbo wako unakatika kwa kosa kati ya SetWarnings False na SetWarnings True, maonyo yanabaki yamezimwa mpaka programu ifungwe. Kuanzia hapo, mtu akichagua mistari kwenye jedwali na kubonyeza kitufe cha kufuta, inafutika bila kuulizwa. Niliwahi kuitwa kwenye shule moja ambako daftari la ada lilikuwa linapungua wanafunzi. Tulitafuta virusi, tukatafuta mwizi, tukakagua mtandao. Mwisho tukakuta kitufe cha kuchapa stakabadhi kilichozima maonyo asubuhi, kikakatika njiani, na karani aliyekuwa akisafisha rekodi zilizojirudia hakupata nafasi ya kusema "hapana" hata mara moja. Tangu siku hiyo nikiona SetWarnings kwenye msimbo wa mtu, nauondoa kabla ya kusoma kitu kingine.

Sasa 3061. Mwenzako amekuelekeza njia iliyo sawa, ila hakukueleza tofauti ya njia hizi mbili. DoCmd.RunSQL na DoCmd.OpenQuery hupita kwa Access yenyewe, na Access inazijua fomu zako. Ukiandika Forms!frmMwezi!txtTarehe ndani ya kwiri, inakwenda kwenye fomu, inachukua tarehe iliyoandikwa pale, kisha inaendelea. Execute haipiti huko. Inakwenda moja kwa moja kwenye injini ya data, ile iliyoitwa Jet tangu Access ilipotoka mwaka 1992 na ambayo tangu toleo la 2007 inaitwa ACE. Fikiria ofisi yenye karani wa dirishani na mtunza stoo. Karani anawaona wateja na fomu walizojaza, ila mtunza stoo yuko nyuma ya ukuta, anaona rafu tu. Ukimwambia "chukua tarehe kwenye ile fomu", haelewi fomu ipi. Analichukulia jina hilo kuwa parameta, yaani nafasi ya kujazwa thamani, ambayo hakupewa thamani yake, na anarudisha 3061 akilalamika kwamba parameta ni chache kuliko alizotarajia. Kosa hilohilo utalipata ukikosea herufi moja kwenye jina la safu, kwa sababu injini haijui kama umekosea au umetaja parameta. Kwa hiyo ukikutana na 3061 na hakuna fomu iliyotajwa, kagua tahajia.

Dawa ni kumkabidhi mtunza stoo thamani mkononi, kwa parameta uliyoitangaza. Nitaonyesha chini.

Kabla ya hapo, kuna jambo ambalo wengi wanaohama kutoka RunSQL hulipita bila kulitazama. Execute ikiandikwa peke yake nayo ni kimya. Rekodi ikiwa imefungwa au imevunja kanuni, inairuka na kusonga mbele bila kosa, na msimbo wako unamalizika vizuri kana kwamba kila kitu kimekwenda sawa. Ni lazima uongeze neno dbFailOnError. Likiwepo, kikwazo cha kwanza kinasimamisha kazi, kinaleta kosa unaloweza kulishika, na mabadiliko yote ya kwiri hiyo yanarudishwa nyuma. Kwa kazi ya fedha sioni sababu yoyote ya kuliacha.

Ila nisingependa uamini kwamba dbFailOnError pekee ingewaokoa wale tisa. Inategemea walirukwa kwa nini, na hapa nakuomba uwatazame mmoja mmoja kabla ya kugusa msimbo.

Kama rekodi zao zimefuatana kwenye jedwali, shuku kufuli, yaani rekodi kushikwa na mtumiaji mwingine anayeihariri. Injini huhifadhi data kwenye kurasa za baiti 4,096, na kufuli linaweza kushika ukurasa mzima badala ya rekodi moja. Mwenzako akiwa kwenye kompyuta ya pili amefungua mkopo mmoja na kuanza kuuhariri, na fomu yake imewekwa kufunga rekodi inayohaririwa, jirani zake wa ukurasa huohuo wanaweza kukwama pamoja naye. Kama wote tisa ni wenye salio kubwa, angalia kanuni ya uhakiki ya safu ya Salio. Pengine mtu aliweka kikomo zamani na riba imewavusha. Makosa haya mawili dbFailOnError itayakamata.

La tatu haitalikamata, nami ndilo ninaloliogopa zaidi. Tazama sharti lako la WHERE. Nikikisia, limeandikwa hivi:

WHERE Hali <> 'Imefungwa'

Linasomeka kama "mikopo yote isipokuwa iliyofungwa". Lakini mkopo ambao safu yake ya Hali haikujazwa kitu, yaani ni Null, hauingii humo. Kwa injini ya data Null maana yake haijulikani, na ukiuliza kama kisichojulikana ni tofauti na 'Imefungwa', jibu halijulikani pia. WHERE inapokea tu rekodi ambazo jibu lake ni kweli. Kwa hiyo mikopo tisa iliyoingizwa haraka na karani aliyesahau kuchagua hali inaachwa nje. Haijashindikana, haijafungwa na mtu, haijavunja kanuni. Kwa mtazamo wa injini hukuiomba. Hakuna onyo la kuzimwa wala kosa la kushikwa.

Ndiyo maana ninashikilia hivi: msimbo unaobadilisha fedha ujue kabla ya kuanza ni rekodi ngapi zinapaswa kubadilika, na ukatae kukamilisha kama idadi haikulingana. Na hesabu hiyo ya kabla usiifanye kwa kutumia WHERE ileile, maana itarudia kosa lilelile na namba mbili zitakubaliana katika uongo. Ifanye kutoka upande wa pili: hesabu mikopo yote, toa iliyofungwa kweli.

Hivi ndivyo ningeandika kitufe chako. Kwanza ongeza kwenye jedwali la mikopo safu ya tarehe iitwayo RibaHadi, itakayoshika mwezi wa mwisho ambao mkopo uliongezewa riba. Kisha:

Private Sub cmdFungaMwezi_Click()
    Dim ws As DAO.Workspace
    Dim db As DAO.Database
    Dim qd As DAO.QueryDef
    Dim matarajio As Long, zilizobadilika As Long
    Dim muamalaWazi As Boolean

    On Error GoTo Kosa
    If Me.Dirty Then Me.Dirty = False

    matarajio = DCount("*", "tblMikopo") _
        - DCount("*", "tblMikopo", "Hali = 'Imefungwa'")

    Set ws = DBEngine(0)
    Set db = CurrentDb
    Set qd = db.CreateQueryDef("", _
        "PARAMETERS pKiwango Double, pMwezi DateTime; " & _
        "UPDATE tblMikopo " & _
        "SET Salio = Salio + Salio * pKiwango, RibaHadi = pMwezi " & _
        "WHERE (Hali <> 'Imefungwa' OR Hali Is Null) " & _
        "AND (RibaHadi < pMwezi OR RibaHadi Is Null);")
    qd!pKiwango = Me!txtKiwango
    qd!pMwezi = Me!txtTarehe

    ws.BeginTrans
    muamalaWazi = True
    qd.Execute dbFailOnError
    zilizobadilika = qd.RecordsAffected

    If zilizobadilika = matarajio Then
        ws.CommitTrans
        muamalaWazi = False
        MsgBox "Mwezi umefungwa. Mikopo: " & zilizobadilika
    Else
        ws.Rollback
        muamalaWazi = False
        MsgBox "Imesitishwa. Ilitarajiwa " & matarajio & _
            ", ikapatikana " & zilizobadilika
    End If
    Exit Sub

Kosa:
    If muamalaWazi Then ws.Rollback
    MsgBox "Kosa " & Err.Number & ": " & Err.Description
End Sub

Muamala ndio moyo wa kitufe hiki. Kila kilichotokea kati ya BeginTrans na CommitTrans ni kama kimeandikwa kwa penseli, na Rollback inafuta yote. Unaweza kuendesha kwiri, ukaona imegusa rekodi ngapi hasa, kisha ukaamua. Ukiwa na kwiri ya pili, mathalani ya kuandika kila riba kwenye daftari la miamala, iweke ndani ya muamala huohuo ili zote mbili zifanikiwe au zote zishindwe. Daftari hilo nakusihi ulianzishe hata kama leo huna. Salio linaloongezwa juu kwa juu bila mstari wa kueleza limeongezwaje, mkaguzi atakapokuja hutakuwa na cha kumwonyesha.

Sharti la RibaHadi linalinda jambo ambalo hukuuliza. Kwiri ya kusasisha haina kumbukumbu. Ukibonyeza kitufe mara mbili, kwa sababu kompyuta ni nzito na hukuona kitu kikitokea, riba inaongezwa mara mbili, na ya pili inatozwa juu ya ya kwanza. Kwa sharti hili, mbonyezo wa pili hautapata rekodi hata moja ya kubadilisha, sifuri haitalingana na 412, na muamala utasitishwa wenyewe. Kwenye txtTarehe weka daima siku ya mwisho ya mwezi, isiwe tarehe ya leo, la sivyo kufunga mwezi tarehe 30 na kurudia tarehe 31 kutahesabika kuwa miezi miwili.

Nimeweka CurrentDb ndani ya kibadilika db kwa makusudi. Kila unapoandika CurrentDb, Access inakuundia kitu kipya. Ukiandika CurrentDb.Execute kwenye mstari mmoja na kuuliza CurrentDb.RecordsAffected (idadi ya rekodi zilizoguswa) kwenye mstari unaofuata, unamuuliza mgeni ambaye hakuifanya kazi hiyo, naye atakujibu sifuri. Nimeona watu wakibadilisha kwiri nzima kwa sababu ya sifuri hiyo, kumbe kwiri haikuwa na tatizo.

Mstari wa Me.Dirty unahifadhi rekodi iliyo wazi kwenye fomu kabla ya kwiri kuanza. Usipoweka, fomu inabaki imeshika nakala ya zamani ya mkopo huo, kwiri inaubadilisha chini yake, na ukija kuhifadhi Access inakuuliza ni toleo lipi libaki. Mtu mwenye haraka atachagua la kwake, na riba ya huyo mmoja inapotea. Baada ya kufunga mwezi, weka Me.Requery ili fomu isome upya.

Parameta zina faida nyingine mbili, na kwetu sisi ni kubwa kuliko kwa wenzetu wanaoandika vitabu vya Access. Kompyuta za huku huandika siku kwanza, kisha mwezi. Injini ikikuta tarehe iliyoandikwa kati ya alama za reli (#) ndani ya matini ya kwiri, huisoma kwa mtindo wa Marekani, mwezi kwanza. Ukiunganisha 03/04/2024 kwenye kwiri ukimaanisha tarehe 3 Aprili, yenyewe inaelewa tarehe 4 Machi. Ubaya ni kwamba 13/04/2024 itaielewa sawasawa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13. Kwa hiyo ukijaribu programu yako tarehe 20 inafanya kazi, ukiitumia tarehe 5 inaharibu, na hakuna kosa linaloonekana. Tarehe inayopita kwenye parameta ya DateTime haigeuzwi kuwa maandishi hata kidogo, kwa hiyo hakuna cha kusomwa vibaya. Ukilazimika kuiandika ndani ya matini, tumia mwaka kwanza: #2024-04-03#.

Faida ya pili ni kwa majina yenye ritifaa, ile alama ya ('). Siku utakapoandika kwiri inayotafuta au kubadilisha jina la mwanachama, Ng'wandu wa kwanza ataivunja. Jina likizungushiwa alama moja za kunukuu, injini inaiona ile ritifaa ya ng' kama mwisho wa jina, kisha inakuta "wandu" likielea, inarudisha kosa 3075. Ving'ora, Ng'ambo, Ng'ombeni, majina ya watu wa Kanda ya Ziwa, yote yamo hatarini. Wengine hutatua kwa kuwaandikisha wanachama bila ritifaa, na hilo silikubali. Jina la mtu liandikwe kama alivyolitoa. Kwa parameta jina linapita zima. Njia nyingine ni kuirudufu ritifaa kwa Replace, lakini lazima ukumbuke kila mahali, na siku moja utasahau.

Kuhusu fedha zenyewe: hakikisha safu ya Salio ni ya aina ya Currency, isiwe Double. Currency hushika nafasi nne za desimali kwa uhakika. Double hukadiria, na makadirio hujikusanya mwezi hadi mwezi. Na kama mnakata senti, fahamu kwamba Round ya Access huipeleka nusu kwenye namba shufwa iliyo karibu: 2.5 inakuwa 2, 3.5 inakuwa 4. Kubalianeni na kamati kanuni mnayoitaka, muiandike, kisha msimbo uifuate.

Huenda ukakutana na kosa 3073, la kwiri isiyoweza kusasishwa, ukijaribu kusasisha salio kwa kuliunganisha na kwiri ya jumla ya marejesho. Injini hiyo haisasishi jedwali lililounganishwa na kwiri ya majumlisho, hata kama majumlisho yenyewe huyaandiki. Tumia DSum, au yaweke majumlisho kwanza kwenye jedwali la muda. Na chama kikikua mkahamishia majedwali kwenye SQL Server, hifadhidata ya Microsoft ya kwenye seva, utahitaji kuandika dbFailOnError + dbSeeChanges, la sivyo majedwali yenye namba zinazojizalisha yatakupa kosa 3622.

Turudi kwa wale tisa, maana wao hawawezi kusubiri mwezi ujao. Usibonyeze kitufe kipya kwa ajili yao. Wiki mbili zimepita, baadhi yao wamesharejesha kitu, na salio la leo silo lililopaswa kutozwa riba. Nakili faili lote pembeni kwanza, watu wote wakiwa wametoka kwenye programu. Kisha chukua salio la kila mmoja lilivyokuwa siku ya mwisho ya mwezi ule, piga riba yake kwa mkono, iongeze, na andika kwenye kumbukumbu yake tarehe na sababu ya marekebisho. Kwa wale 403 jaza RibaHadi kwa tarehe ya mwezi ule, na kwa hawa tisa ijaze baada ya kusahihisha kila mmoja. Ukimaliza, endesha kwiri ya kuchagua tu, isiyobadilisha kitu, inayoonyesha mikopo isiyofungwa ambayo RibaHadi yake bado ni tupu. Usiishie kuiwekea sharti la Null kwenye RibaHadi. Liweke na kwenye Hali pia. Ikirudi bila mstari hata mmoja, kitufe kiko tayari.